Kufuta mistari 90,000: LibreSSL ilisafisha nini kwa kweli?

Wandugu wa chama, mara hii sileti kitabu wala filme. Naleta kazi ya kode, na nataka tuihakiki sawa vile tunahakiki roman: nini ni nzuri ndani yake, nini ni makelele, na nini sisi wenye tumesoma informatike tunaweza kuchukua.

Hiyo kazi inaitwa LibreSSL. Ilianza mwezi wa 4, 2014, mikononi mwa watu wa OpenBSD, sisteme ya bure yenye inajulikana kwa ukali wake mu mambo ya usalama. Walichukua OpenSSL, maktaba ya kode ya zamani yenye iliandikwa mu lugha ya C, wakaanza kufuta. Mu wiki ya kwanza tu, mistari zaidi ya 90,000 ya C ilikuwa imeondoka. Ile namba ilizunguka sana, na mpaka leo njo kitu cha kwanza watu wanakuambia ukitaja LibreSSL. Mimi naona ni namba yenye inatudanganya. Kazi yenyewe ni nzuri, lakini si juu ya ile namba.

Tuelewane kwanza OpenSSL ni nini. Ile alama ya kufuli yenye unaona ku simu pale unafungua banki ao barua-pepe, nyuma yake kuna kode yenye inafunga mazungumzo ili mtu wa katikati asisikie. Ku serveri nyingi sana za dunia, hiyo kode ni OpenSSL. Mizizi yake ni SSLeay, kazi ya Eric Young na Tim Hudson ya mwaka 1995. Mu 1998 wengine wakaichukua, ikakuwa OpenSSL. Mu miaka ile, mwenye kuandika kode ya C hakujua itaishia ku mashini gani. Kulikuwa VMS, kulikuwa OS/2, Mac OS ya zamani, Windows ya biti 16, na kompilateri zenye zilikosa hata fonksio za kawaida. Kwa hiyo kila fasi mashini mbili zilitofautiana, waliweka #ifdef: kama ni mashini hii, soma mistari hii; kama ni ingine, soma ile. Fonksio ikikosekana fasi fulani, wanaandika ya kwao. Haikuwa ujinga. Ilikuwa njia ya kufikia kila mtu, na ilifaulu: bila hiyo, OpenSSL haingeenea vile ilienea.

Shida ni kwamba #ifdef haifi na mashini yake. Mashini inatupwa, fundi wake anasahau hata jina lake, lakini ile mistari inabakia, na kila mwenye anasoma analazimika kuivuka. Unafungua fonksio ya mistari 40, na 15 tu njo inatumika kwako. Walikuta hata mistari ya mashini zenye hazikuwa hai siku yoyote: prosesa ya amd64 yenye kupanga okteti kinyume. Prosesa kama hiyo haiko. Lakini kode yake ilikuwa pale, inangoja. Macho ya mwenye kusoma yanachoka, na macho yakichoka, kosa linapita.

Na kosa lilipita. Tarehe 7 mwezi wa 4, 2014, dunia ilijulishwa Heartbleed. Iligunduliwa fasi mbili, kila mmoja kwake: Neel Mehta wa Google, na kampuni Codenomicon ya Finland. Ilikuwa mu OpenSSL 1.0.1 tangu versio hiyo itoke, mwezi wa 3, 2012. Miaka miwili na kidogo.

Ni kosa lenye mtu wa graduat ya kwanza anaweza kuelewa, njo maana linauma. Protokole iliruhusu upande mmoja kutuma ujumbe mdogo wa kuuliza: ungali hapo? Ndani unaweka maneno fulani, na unasema maneno yenyewe yana urefu gani. Upande wa pili unarudisha maneno yale yale. Sasa mtu anatuma neno la okteti moja, halafu anasema: nimekutumia okteti 64,000. OpenSSL ilimwamini. Ilichota okteti 64,000 kuanzia pale neno lilikuwa, ikamrudishia zote: nywila za watu, funguo za siri za serveri, chochote chenye kilikuwa jirani mu memwari. Mstari wenye ulifanya hiyo kazi ni huu:

memcpy(bp, pl, payload);

Ile payload ni urefu wenye mgeni alisema mwenyewe. Dawa ilikuwa kupima mbele ya kuchota:

if (1 + 2 + payload + 16 > s->s3->rrec.length) return 0;

Okteti 1 ya aina ya ujumbe, 2 za urefu, 16 za kujaza mwishoni. Kama jumla inapita kile chenye kilifika kweli, tupa ujumbe, usijibu. Basi, njo hiyo tu. Mu Canada, ofisi ya kodi ilitangaza kama namba za usalama wa jamii za watu karibu 900 zilichukuliwa kupitia hilo tundu.

Sasa angalia vizuri. Hiyo kode ya heartbeat haikuwa ya zamani. Iliingia mwisho wa 2011. Haikuwa mu #ifdef ya VMS wala ya OS/2. Ungefuta VMS yote, OS/2 yote, na Windows ya biti 16 yote, Heartbleed ingebakia paka vile ilikuwa. Watu wanaeleza hii habari sawa vile: kulikuwa takataka nyingi, takataka ikaleta kosa, mashujaa wakafagia takataka. Hapana. Kosa lilikuwa mu kitu kipya. Takataka ilifanya kitu kingine, cha uficho zaidi, na tukitaka kuhakiki usafi wa LibreSSL lazima tuangalie pale.

Mu C, unaomba memwari kwa malloc, unairudisha kwa free. Hakuna mwenye anakuokotea. OpenBSD ilifanya malloc yake kuwa kali: ukirudisha kipande, inaweza kukichafua kwa makusudi, ao kukifunga kabisa, ili programu yenye inarudi kusoma pale ianguke papo hapo. Ni sawa mwenye nyumba mwenye anabadilisha kufuli siku ile ile mpangaji anahama. Mpangaji wa zamani akirudi na ufunguo wake, kila mtu anajua.

OpenSSL haikuwa inarudisha. Juu ku mashini fulani malloc ilikuwa polepole, walijitengenezea stoki yao wenyewe. Kipande kikimaliza kazi, kinaingia mu stoki. Mwenye kuomba nyuma anapewa kile kile, na mabaki ya wa kwanza yangali ndani. Ile malloc kali ya OpenBSD haioni chochote. Kwake, kipande hakijarudishwa hata siku moja. Kufuli haibadilishwi, mpangaji wa zamani anaingia na kutoka, na hakuna mwenye anashtuka.

Ted Unangst, mmoja wa OpenBSD, alijaribu kitu chepesi sana. Kode yenyewe ilikuwa na chaguo la kuzima ile stoki. Akaizima. Na maktaba ikakataa kufanya kazi. Kumbe fasi moja kode ilikuwa inarudisha kipande, halafu inakiomba tena, ikitegemea kwamba itapata kipande kile kile na yale yote iliacha ndani. Ilifanya kazi kwa sababu stoki ilikuwa inatoa wa mwisho kuingia. Na kosa hilo halikuwa geni: lilikuwa limeshaandikwa mu orodha ya makosa ya OpenSSL miaka mbele, likangoja. Chaguo la kuzima lilikuwa ku karatasi tu. Hakuna mwenye alikuwa analijaribu.

Kwangu, hapa njo kilele cha hii kazi yote. Ile stoki ni mistari michache. Ukiiweka kando ya 90,000 haionekani hata. Lakini kuiondoa kulirudisha macho: toka siku ile, kosa la memwari ndani ya LibreSSL linaanguka mikononi mwa vyombo vyenye vinajua kulikamata. Kode yenye inaficha makosa yake kwa vyombo ni mbaya kuliko kode yenye ina makosa mengi lakini inaanguka wazi. Kama ningekuwa natoa pointi, ningetoa nusu ya pointi zote pale.

Pointi zingine ningezitoa ku vitu vidogo vyenye hakuna mwenye anavitaja. Mfano, kila fasi kode ilikuwa inauliza "kama kipande si NULL, basi free". Free ya NULL haifanyi kitu, lugha ya C ya 1989 ilishasema. Swali linaondoka, mistari miwili inakuwa moja, mara mia na zaidi. OpenSSL ilikuwa na snprintf yake, malloc yake ya jina lingine, vitu vingi vya kwake. Vikaondoka, nafasi ikachukuliwa na fonksio za kawaida zenye kila mwanafunzi wa C anajua. Faida yake si mwendo. Faida ni kwamba mtu wa inje anaweza kusoma. Mbele, ukikuta fonksio yenye jina la OpenSSL, ulilazimika kwenda kuangalia kama inafanya kweli kile jina lake linasema. Mara ingine haikuwa inafanya.

Kuna moja yenye nataka kukaa kidogo: reallocarray. Mu C tunazoea kuandika malloc(n * ukubwa). Inaonekana haina neno. Lakini chukua mashini ya biti 32, weka n = 1,073,741,825 na ukubwa = 4. Jibu la hesabu ni 4,294,967,300, na biti 32 haziwezi kulibeba. Zinazunguka, unabakia na 4. Malloc inakupa okteti 4 kwa furaha, na wewe unaanza kuandika vitu bilioni moja. Kama ile n ilitoka kwa mgeni, umekwisha. Reallocarray inapokea n na ukubwa kila moja mbali, inapima kama zikizidishwa zinapita, na kama zinapita inakataa. Watu wa OpenBSD waliiweka mu sisteme yao mu 2014, wakapitisha kode nzima fasi kwa fasi. Glibc ya Linux iliikubali mu 2017. Hii njo kurahisisha kwenye kunaongeza fonksio, na kode inakuwa nyepesi kusoma kwa sababu swali moja limetoka kichwani mwa kila mwenye anaandika. Mtu wa kuhesabu mistari tu hawezi kukuonyesha hii.

Kuhusu kupanga upya nafasi na mabano, yaani ile kazi ya kulinganisha sura ya kode, nitapita haraka. Waliifanya, ilikuwa lazima. OpenSSL wenyewe waliifanya nyuma, mu 2015. Wenye wanasema ni urembo tu wakumbuke Apple, mwezi wa 2 wa mwaka ule ule 2014: mstari mmoja wa "goto fail" uliandikwa mara mbili, wa pili ukakaa inje ya if ingawa nafasi yake ilionyesha sawa uko ndani, na upimaji wa saini ukarukwa ku iPhone. Sura ya kode ilisema uongo, macho yakaamini.

Sasa upande wenye sipendi.

Mwezi wa 5, 2014, Bob Beck alieleza siku 30 za kwanza za LibreSSL mu mkutano wa BSDCan, Ottawa. Alitumia kwa makusudi ile herufi ya Comic Sans, ile ya mchezo. Maneno yenye waliandika pale wanafuta vitu, mengi yalikuwa ya kejeli: angalia huu ujinga, angalia huyu alikuwa anafikiri nini. Ni ya kuchekesha, siwezi kukataa, na kuna fasi kejeli ilistahili. OpenSSL ilikuwa inachukua hata ufunguo wa siri wa RSA na kuuingiza mu mashini ya namba za bahati nasibu, na hapo hata mtu mpole angepiga kelele. Lakini ukisoma kurasa nyingi mfululizo, unaona kitu kinakosekana. Hakuna mwenye anauliza: watu hawa walikuwa wangapi?

Walikuwa wachache sana. Steve Marquess, mwenye alikuwa anaangalia mambo ya feza ya OpenSSL, alisema mu 2014 kama michango ya kawaida ilikuwa karibu dola 2,000 kwa mwaka, na mtu mmoja tu njo alifanya kazi ile wakati wote. Dola 2,000 kwa mwaka, kwa kode yenye ilikuwa inalinda biashara ya makampuni makubwa ya dunia, yenye yalikuwa yanaichukua bure. Nyuma ya Heartbleed, mwezi ule ule, Linux Foundation ilikusanya makampuni, wakaanzisha Core Infrastructure Initiative, feza ikaanza kuingia. Kwa hiyo uchafu wa ile kode ulikuwa pia hesabu ya njaa. Sisi hapa tunajua hiyo vizuri: barabara haiharibiki kwa sababu mwenye aliichonga alikuwa mjinga. Inaharibika kwa sababu hakuna mwenye analipwa kuziba shimo. Kumcheka mchonga barabara ni rahisi.

Kuna sababu ya pili ya kupunguza kejeli: kusafisha kode ya watu kunaweza kuua. Na mfano wa kutisha zaidi ni wa OpenSSL hiyo hiyo, miaka nane mbele ya LibreSSL.

Mu 2006, mtu mmoja mwenye alichunga OpenSSL ndani ya Debian aliona Valgrind inalalamika. Valgrind ni chombo chenye kinakuonya ukisoma memwari yenye haijawekwa kitu. Alifuatilia malalamiko mpaka ku mistari miwili mu faili ya namba za bahati nasibu. Mistari yenyewe ilikuwa sawa sawa, herufi kwa herufi, mu fonksio mbili tofauti. Hakukurupuka, aliandikia watu wa OpenSSL, akauliza, na hakuna mwenye alimzuia. Akaizima yote miwili.

Mmoja ulikuwa kweli wa kuzima. Ulikuwa mu fonksio ya kutoa namba, na ulikuwa unachanganya tu yale mabaki yenye yalikuwa mu kipande cha mteja mbele ya kujazwa. Ukiuzima hakuna hasara. Wa pili ulikuwa mu fonksio ya kupokea. Huo njo ulikuwa mlango wenye bahati nasibu yote iliingilia. Ukizimwa, hakuna kitu kinaingia tena. Kilibakia tu namba ya prosesi, yenye ku Linux ya wakati ule kwa kawaida haikupita 32,768. Yaani kwa kila aina ya mashini na kila urefu wa ufunguo, Debian na Ubuntu zilikuwa zinatengeneza funguo 32,000 na kitu tu, kwa watu wote wa dunia. Mtu anaweza kuzitengeneza zote mu nyumba yake, akajaribu moja moja. Luciano Bello aliligundua, likatangazwa tarehe 13 mwezi wa 5, 2008. Karibu miaka miwili. Kode ilikuwa imekuwa safi zaidi, Valgrind ilikuwa imenyamaza, na programu zote zilikuwa zinatembea vizuri.

LibreSSL wenyewe walipita karibu na shimo hilo. Versio yao ya kwanza ya kutumika inje ya OpenBSD, 2.0.0, ilitoka tarehe 11 mwezi wa 7, 2014. Mu siku chache, Andrew Ayer alionyesha kama ku Linux kulikuwa njia ya kupata namba zile zile mara mbili: prosesi inazaa mtoto, mtoto anazaa mjukuu, na mjukuu akipata kwa bahati namba ya babu yake, maktaba inafikiri ni babu, haianzi upya. Walitengeneza haraka, mu 2.0.2. Lakini uone chanzo chake. Ku OpenBSD, kode yao ya bahati nasibu ni nyepesi kwa sababu kiini cha sisteme kinabeba mzigo wote: unaomba, unapewa. Linux ya wakati ule haikuwa na mlango wa namna hiyo. Ulilazimika kufungua faili /dev/urandom, na kama haiwezi kufunguka, ujipange. Wepesi wenye walikuwa nao nyumbani ulikuwa umekaa juu ya mabega ya kitu kingine, na walipovuka mpaka, mabega hayakuwepo. Linux ilipata getrandom mu versio 3.17, mwezi wa 10 wa mwaka ule, na LibreSSL ni kati ya sababu zake.

Hapa njo nasema ile sentensi "tulifuta mashini za zamani" inahitaji kusomwa kwa makini. Kufuta VMS ni kusema: sisi tunachagua ardhi yenye tutasimama. Ni haki yao. Lakini mwenye yuko ku ardhi ingine hapati ule wepesi bure. Mtu lazima atengeneze tena, upande wa inje, vitu vyenye vinakosekana. Na LibreSSL wana faili nyingi za namna hiyo kwa ajili ya Linux, Windows na zingine. Tofauti, na ni tofauti kubwa, ni kwamba sasa viko mu fasi yao mbali, havijatapakaa ndani ya kila fonksio. Kama kuna kitu kimoja cha kuiga mu kazi yao ya kupanga, ni hicho: andika sawa dunia ni nzuri, halafu ku mlango weka kode yenye inafanya dunia mbaya ifanane na nzuri.

Na mwisho wake ulikuwa gani? Ukihesabu kwa wenye wanaitumia, si ushindi. Alpine Linux iliingia LibreSSL mu 2016, ikarudi OpenSSL mwanzo wa 2019. Gentoo na Void ziliacha mu 2021. Python 3.10, mwaka ule ule, iliacha kuikubali. Sababu kubwa ni kwamba OpenSSL iliamka. Ilipata feza na watu, versio 1.1.0 ya 2016 ilifunga vyumba vya ndani vyenye mbele kila programu ilikuwa inaingia na viatu, na programu zingine zikafuata OpenSSL. LibreSSL ikabakia kukimbiza. Google walikuwa na yao, BoringSSL, na waliandika wazi kama si ya kila mtu. LibreSSL ingali hai mu OpenBSD na mu mashini za Apple. Lakini ukiuliza nani alisafisha OpenSSL yenye dunia inatumia leo, jibu la kweli ni OpenSSL wenyewe, wakisukumwa na aibu ya Heartbleed na, ndiyo, na ile kejeli ya Comic Sans. Sijui kuipima hiyo kejeli. Sipendi sauti yake, lakini siwezi kusema haikusaidia.

Kitu kimoja cha pembeni, kwa sisi wenye tunanunua mega: kurasa za maelezo za OpenBSD, hata za LibreSSL, zinakuja na sisteme yenyewe na zinasomeka bila intaneti. Usafi wa maelezo ni sehemu ya usafi wa kode, na hawa watu wanalijua kuliko wengi.

Sasa turudi kwetu. Angalia vichwa vya TFC za informatike mu miji yetu, mwaka kwa mwaka: kutengeneza programu ya kusimamia hiki, kutengeneza programu ya kusimamia kile. Kila mtu anaanza ku ziro. Programu inaonyeshwa siku ya kutetea, jury inapiga makofi, na siku ya pili inakufa. Mwenye anafuata hafungui hata faili ya mwenye alitangulia. Anaanza ku ziro tena. Halafu mtu anapata kazi, anakuta programu ya miaka 15 yenye inalipisha watu mshahara, na kitu cha kwanza anasema ni "tuitupe, niandike mpya". Hatujafundishwa hata siku moja kuingia mu kode ya mwingine na heshima na kisu kwa pamoja.

Mimi ningependa kuona TFC moja yenye haitengenezi kitu. Chukua programu ya C ya wazi, ya mistari elfu tatu ao nne, ya zamani. Toa #ifdef zenye zimekufa. Kuna chombo kinaitwa unifdef kwa hiyo kazi, haiombi ufute kwa mkono. Ipitishe mu kompilateri na maonyo yote yamewashwa. Ipitishe mu Valgrind. Halafu siku ya kutetea, jury isiulize umefuta mistari mingapi. Ichague mistari kumi kati ya yenye ulifuta, na kwa kila mmoja uulizwe: huu uliandikwa juu ya nini, na unajuaje kama hiyo sababu imekufa?

Na kama jury inakosa swali la kuanzia, iandike hii ku tablo, mara mbili, sawa vile ilikuwa mu OpenSSL:

MD_Update(&m,buf,j);

MD_Update(&m,buf,j);

Valgrind inalalamikia yote miwili. Ku mmoja wao, mu kode ya asili, kulikuwa hata kakomanteri kafupi ka kusema kama chombo kingine, Purify, kinaulalamikia pia. Ku wa pili hakukuwa kitu. Mwanafunzi aende ku tablo, afute mmoja, na aeleze.